Wifi Amekata Viegemeo vya Mikono Yangu kwa Msumeno

Daktari aliyenipima Jumatatu amesema mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko changu cha kulia umebanwa, na nikiendelea kufanya kazi jinsi ninavyofanya sasa, kidole cha mwisho na jirani yake vitabaki na ganzi maisha yangu yote. Shikamoo, Mama Paskazia, nakuandikia kwenye ukurasa wako wa gazeti. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalonitia hasira, tena naandika kwa simu na kidole gumba cha kushoto, ukikuta makosa uyavumilie.

Mimi ni Anyesi, naishi Msalato, mke wa Ulimboka, watoto wawili, na kazi yangu ni kutengeneza shanga za kioo, siyo kuzitunga, mama, watu wakisikia shanga wanadhani natunga, mimi nazitengeneza zenyewe, nakaa mbele ya kichomeo cha gesi kilichofungwa mezani, mkono mmoja unashika kijiti cha kioo kwenye moto na mwingine unazungusha waya wa chuma, kioo kinalainika kama asali na kujiviringisha kwenye waya, na ukipunguza kuzungusha hata kidogo shanga inaning'inia upande kama embe bovu, unaitupa. Kwa hiyo mikono yote miwili inakaa hewani zamu nzima. Huwezi kuishusha ukajikuna hata pua. Vikundi vya ngoma vinazichukua, kina mama wa maofisini wanazichukua, kazi ipo na naipenda, sijui kazi nyingine ninayoijua hivi.

Mwenyekiti wa kikundi chetu ni Debora, dada wa mume wangu, ndiye aliyenifundisha na sikatai. Kichomeo tunacho kimoja, asubuhi natumia mimi, mchana anatumia mwenzangu Yudith, wengine wanatunga. Mwaka jana bega langu la kulia lilianza kuuma, usiku nalala upande mmoja tu, mpaka nikaona kwenye simu mwanamke wa nchi nyingine anatengeneza shanga huku mikono yake imelala juu ya vibao kama mikono ya kochi, mabega yameshuka, anacheka na kuongea, na mimi hapo nilikuwa sijawahi kucheka nikiwa kwenye moto. Nikaenda kwa Bartolomayo seremala, nikamweleza, akaja na futi yake, akaniambia nikae, viwiko karibu na mbavu, akapima, akatengeneza vibao viwili, juu sponji, juu ya sponji ngozi ya mbuzi ili cheche zisiiguse, akavipigilia misumari mezani kulia na kushoto kwa kichomeo. Mama, asubuhi ya kwanza nilimaliza zamu nikainuka nikatafuta yale maumivu sikuyaona.

Debora alipoviona aliita watu. "Jamani njooni, Anyesi ameleta kitanda cha mkono! Kesho ataleta na neti." Wakacheka wote. Nikamwambia, "Wifi, bega linaniuma." Akasema, "Bega la nani haliumi hapa? Bibi zako walikaa chini wamenyoosha miguu wakatunga shanga mpaka jua likazama, ulimsikia nani akidai mto?" Kwa kuwa ni wifi yangu na ni mkubwa kwangu, nikaendelea na kazi.

Halafu Yudith akaungua mkono kidogo, ajali za kazi hii ni za kawaida, na Debora akapata sababu aliyokuwa anaitafuta. Kesho yake nimefika nakuta viegemeo vyangu vimekatwa kwa msumeno, vimebaki visiki viwili mezani, yeye kasimama pale na msumeno mkononi anasema, "Hapa si saluni. Anayetaka kuegemea akaegemee kwake." Tangu siku hiyo bega likinizidi naweka viwiko kwenye ukingo wa meza, mbao tupu, na ndiko ganzi ilikotoka. Juzi nilikuwa namnywesha mtoto uji, mume wangu akiwepo, kikombe kikaanguka, nilikiona kikianguka lakini sikukisikia kikiniponyoka.

Mume wangu namwambia, anajibu, "Ni dada yangu, sasa unataka nimfanyeje?"

Basi nimeamua. Najitoa kikundini, rafiki yangu ananiazima mtungi wa gesi na kichomeo, nitafunga kwenye meza ya chumbani kwetu, ile tunayolia chakula, na kabla ya hapo nitasimama kwenye jumuiya yetu ya kanisa, Debora akiwepo, niseme yote aliyonifanyia, kila mtu ajue kwamba mkono wangu umekufa kwa msumeno wake. Niambie kama nakosea. Majina uyatumie, hapa Msalato hakuna asiyejua. Na namba ya wifi nimekuwekea, mpigie, atakuambia mwenyewe kwa kiburi chake.

Anyesi, Msalato

Paskazia anajibu:

Marahaba, Anyesi. Pole kwa mkono. Daktari amekueleza ukweli: mshipa ule unapita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi, na ukiuegemeza kwenye mbao tupu kila siku unauua taratibu. Una haki ya kukasirika. Mimi pia nimekasirika, ila si na mtu mmoja.

Nilimpigia wifi yako kama ulivyoruhusu. Kiburi nilikikuta, hukudanganya. Nilipojitambulisha alisema, "Ahaa, kumbe kitanda cha mkono kimefika mpaka gazetini." Nikamwuliza kama ni kweli alikata vibao. "Nilikata. Na angevirudisha ningevikata tena." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Amekuandikia kwamba Yudith aliungua?"

"Ameandika kwamba aliungua kidogo."

"Kidogo! Subiri." Nikasikia akiita, "Yudith! Hebu njoo umweleze mama huyu hicho kidogo."

Yudith akaja kwenye simu. Ngozi ya mkono wake wa kushoto imetoka kuanzia kifundo hadi nusu ya njia ya kwenda kwenye kiwiko, na anafungwa bandeji kila baada ya siku mbili. Nikamwomba anieleze ilivyokuwa. Haya ni maneno yake: "Mimi ni mfupi, mama. Vile vibao vilikuwa vya Anyesi, mimi vilinifika karibu na kwapa. Nikikaa kwenye kigoda mikono inapanda juu kama naombewa. Moto siuoni vizuri. Basi nikatafuta kreti la soda nikalikalia ili niwe juu. Likateleza. Mkono ukapita kwenye moto."

Nikamwuliza kama alikuwa amekuambia.

"Nilimwambia vimenizidi. Akasema nitazoea."

Anyesi, hilo hukuliandika. Umeniandikia mpaka sponji na ngozi ya mbuzi, lakini mwenzako aliyeungua umempa sentensi moja, ukaipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Ulipata kitu cha kukutibu bega ukakipigilia misumari kwenye meza ambayo si yako peke yako, kwa kipimo cha mwili wako peke yako, hukumwuliza anayekaa hapo mchana. Alipokulalamikia ulimjibu kama wifi yako alivyokujibu wewe. Debora alisema bega la nani haliumi. Wewe ulisema atazoea. Sasa mna mikono miwili mibovu kikundini na kichomeo kimoja.

Na wewe Debora, najua gazeti linafika hapo kwako. Yudith aliungua kwa sababu vibao vilipigiliwa visiweze kupanda wala kushuka. Kosa lilikuwa kwenye misumari, wewe ukakata mbao. Mwenyekiti mwenye akili angeita kikao jioni ile ile. Ulichukua msumeno, kisha ukaweka sheria kwamba hakuna kuegemea, ukamwacha mke wa kaka yako aegemeze mifupa kwenye ukingo wa meza mbele ya macho yako mpaka vidole vikafa ganzi. Hukumlinda Yudith kwa hilo. Ulikuwa unamlipa Anyesi kwa kuleta kitu ambacho hukukileta wewe. Kuhusu bibi zetu: walitunga, na anayetunga akichoka anaweka uzi chini, anakunywa maji, anaendelea. Kioo kilicho kwenye moto hakimruhusu mtu kushusha mkono. Usiwaingize marehemu kwenye kazi ambayo hawakuifanya.

Kuna jambo jingine alilonijibu, na nilimwambia nitaliandika. Akasema, "Andika, siogopi gazeti." Nilimwuliza bega lake mwenyewe likoje, baada ya miaka yote aliyokaa kwenye moto ule kabla yenu.

"Langu lilishazoea."

"Gauni lenye zipu mgongoni unafunga mwenyewe?"

Akasema, "Binti yangu ananivalisha. Kwa nini?"

Kwa sababu hiyo, Debora. Huwezi kuinua mkono wako kufikia mgongo, na bado umesimama na msumeno kuhakikisha wenzako nao wafike hapo ulipo.

Ulimboka, wewe hukuombwa umpige dada yako. Mkeo aliangusha kikombe cha uji mbele yako. Ungeweza kukitazama kile kiwiko.

Sasa sikiliza, Anyesi, na usinibishie. Mtungi wa gesi na moto wazi kwenye chumba mnacholala na watoto: hapana. Hilo silijadili. Mrudishie rafiki yako mtungi wake leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Kwenye jumuiya usisimame. Watu wale hawakai kwenye kichomeo, watasikia habari ya mawifi wawili wanaogombana, watakwenda nayo nyumbani, na meza itabaki vile vile. Wa kuambiwa ni wale wanaoitumia meza. Na mkono wako hauingii kwenye moto hata dakika moja mpaka daktari aseme. Kwa sasa tunga, panga rangi, fundisha, lakini kiwiko kisiguse kitu kigumu wala kisikae kimekunjwa muda mrefu. Usiku kifunge taulo ili usikikunje ukiwa usingizini.

Kuhusu vibao vyenyewe, Bartolomayo hakukosea kazi, alifanya alichoambiwa. Nilizungumza na Nathanaeli, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa mjini, nikamsomea barua yako. Anasema kiegemeo kinatakiwa kibebe ile sehemu nene ya mkono, chini ya kiwiko. Kisibebe ncha ya kiwiko, kisibebe kifundo. Kifundo kiwe huru, maana ndicho kinachozungusha waya. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, kibao kiko juu mno. Ukijikuta unainama kukifuata, kiko chini mno. Kwa hiyo hakuna kibao kimoja cha watu wawili, labda wawe mapacha. Vibao vifungwe kwa vibano vya parafujo, vile seremala anavyobania mbao zilizopakwa gundi, ili kila anayekaa avipandishe au kuvishusha kabla ya kuwasha gesi, na chini yake vipande vya mbao vya kuongezea kimo. Vikae upande wa anayekaa, kulia na kushoto, visiufikie moto. Ngozi ya mbuzi ibaki. Kigoda kiwe kimoja, kizito, miguu minne, na mguu wa anayekaa ufike chini. Akiwa mfupi apewe kibao cha kukanyagia. Nikisikia tena habari ya kreti la soda nitakuja Msalato mwenyewe na shoka.

Nilimweleza Debora haya yote. Alisikiliza. Akasema, "Na akivipigilia tena?" Nikamwambia misumari haitakuwepo. Akasema, "Na kuniita muuaji wa mkono wake kanisani?" Nikamwambia hilo nalo halitakuwepo. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino, "Basi waje wafunge. Nitaona." Hakuomba radhi, na usiisubiri sasa hivi. Mkono unapona polepole na kiburi polepole zaidi. Unachohitaji kutoka kwake kwa leo ni kwamba msumeno ubaki kwake.

Kikao cha kikundi ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, na habari ya meza ndiyo ya kwanza, Debora amekubali. Bartolomayo anafika saa tatu na mbao mpya na vibano. Wa kwanza kukaa na kupimwa ni Yudith, wa pili Debora kwa ajili ya bega lake, wewe wa mwisho. Kabla Yudith hajakaa utamwambia uliyokosea, ukiwa umesimama, wote wakisikia. Saa tatu, Anyesi. Usije saa nne.