Hata Plasta Hawajamwekea

Jumanne, 9 Septemba
Jama amegongwa. Mtoto wa dada yangu Shamima, miaka sita. Pikapu ya miraa kutoka Laare, na ile mbio yao — haikusimama hata! Alikuwa ametoka madrasa, anavuka kuja kwangu hapa buchari. Hakuna damu. Hata kidonda hakuna. Abdilatif, mwenye buchari, akasema huyo ameshtuka tu, mbebe mgongoni umpeleke kwa mamake. Nikambeba. Miguu ilipopanuka kwa kiuno changu akapiga nduru — sijawahi sikia nduru kama hiyo. Tukamlaza kwa meza ya nyama, tukatafuta gari.

Jumatano, 10 Septemba
Ni nyonga imevunjika. Daktari Riungu hapa hospitali ametuonyesha kwa eksirei. Mfupa kama pete, ufa uko mbele. Ati kwa watoto si kawaida. Watoto mia wakivunjika, huu mfupa pengine ni mmoja, wawili. Wa mtoto unapinda kwanza. Ukiona umevunjika, jua kilichompiga ni kikubwa. Mara mingi ni gari, na mtoto ako kwa miguu. Wavulana zaidi. Wanaangalia tumbo, na mkojo kama iko na damu.
Shamima akauliza, sasa mbona wangu. Daktari akachukua kalamu, akaandika dawa.
Dawa ni ya maumivu tu, plasta hapo haiwekwi. Na kulala. Asisimame, asikae, miguu isipanuliwe.
Isipanuliwe. Na mimi nilimbeba.

Alhamisi, 11 Septemba
Mkojo safi. Alhamdulillahi!
Nimepita madrasa. Watoto wanavuka vile vile, wakikimbizana. Wote kwa miguu. Nilitaka kuwapigia kelele. Nikasimama tu kwa barabara, mikono nimenyoosha. Kijana wa boda akanicheka: siku hizi wewe ni karao wa trafiki?

Jumamosi, 13 Septemba
Mama yetu amekuja kutoka Maua. Akafunua shuka. "Hata plasta hawajamwekea! Hii ni hospitali ama lojing?" Ati kuna Marcella huko Mitunguu anakanda mifupa, alimnyoosha Kathuri wa jirani mguu, leo anapanda miti. Nikasema daktari alisema—
"Wewe uliachia darasa la nne. Utanifundisha mifupa?"
Wadi yote ikacheka. Shamima analia tu, anasema sawa Mama, sawa Mama.

Jumapili, 14 Septemba
Daktari hayuko leo. Sista ni mmoja, wadi nzima. Mama ameshuka kutafuta boda — boda! mpaka Mitunguu! Shamima anakunja nguo. Leso wameniwekea hapa kwa mapaja. Mimi ndio nitambeba.
Sista ako kule mwisho, anabadilisha dripu. Nimesimama. Nimekaa tena. Nitaanza kusema nini?
Jama ameamka. Dawa imemshika, haumwi, anacheka.
Nasikia viatu vya Mama kwa korido.
Sista ameinua macho, ananiangalia.
Jama ananyoosha mikono. "Anko, inama."