Ili Mtoto Apite

Oldonyosambu, 4 Februari 2024

Anyesi mwanangu,

Hujambo? Mkwe wangu Solomoni hajambo? Sisi wazima, ila mbuzi wanakohoa na baba yako kawaiga.

Mimba imefika miezi sita, basi funga mdomo. Maziwa acha, nyama ya mafuta acha. Ukizidisha, jitapishe, ndivyo tulivyofanya sisi. Mtoto awe mdogo ili apite. Dada yako Joyce alikula akashiba, mtoto akakwama, nikawazika wote wawili. Sitaki kuzika tena.

Mama yako

Kaloleni, Arusha, 10 Machi 2024

Shikamoo yeyo,

Mama yangu, baba anaendeleaje? Ningesema sijambo, lakini si kweli.

Kliniki wanasema damu imeshuka na mtoto hakui. Nesi kanikaripia, nikamjibu nafuata desturi. Ni nusu ya ukweli. Mama, hata kabla ya mimba nilikuwa nikila, kisha naenda chooni kujitapisha nisinenepe. Solomoni hajui. Uliponiagiza nilifurahi, nikaona nimepata ruhusa. Sasa nataka kuacha, nashindwa. Chakula kikishuka tu nashikwa na hofu.

Nakuomba uniambie nile. Labda nikisikia kwako nitaweza.

Mwanao

Oldonyosambu, 17 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

Baba yako amepona. Mbuzi mmoja hakupona.

Hao manesi hawakumwona Joyce akifa. Mimi nilikuwa nimemshika. Vumilia, imebaki kidogo.

Mama yako

Arusha, hospitali, 6 Aprili 2024, kwa ujumbe wa simu

Shikamoo yeyo,

Mmeamkaje? Nimejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike. Amepita bila shida, kama ulivyotaka. Hakulia. Wamemweka kwenye mashine ya joto, mkono wake ni kama kidole changu.

Maziwa yangu hayatoki. Wananiambia nile, na ninataka, Mungu anaona. Nikimeza kidogo, vidole vinaingia kooni vyenyewe. Mama, naogopa tutakufa wote wawili.

Mwanao

Oldonyosambu, 6 Aprili 2024, kwa ujumbe wa simu

Anyesi,

Salamu nitazitoa nikifika. Kula! Mimi niliyekufunga mdomo ndimi ninayekufungua. Niliogopa kaburi la Joyce hata nikasahau kwamba wewe si Joyce. Nisamehe.

Nimeshakamua, natoka sasa hivi na kibuyu cha maziwa. Nitakaa mlangoni mwa choo hicho, tuone utapitia wapi. Mwambie mumeo yote. Kunywa uji, kikombe kimoja tu, unijibu.

Yeyo

Hospitali, 6 Aprili, jioni, kwa ujumbe wa simu

Yeyo,

Nimekunywa. Nimemwambia Solomoni. Amenishika mikono yote miwili uji usirudi, kwa hiyo nesi ndiye anayeniandikia. Mtoto bado anapumua.

Njoo upesi. Solomoni anachoka.

Mwanao