Presha ya Bosi

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Miguu, mgongo, mpaka kope.

Mjukuu wangu kashikwa na kizunguzungu kazini. Ni huyu ninayekaa kwake, namwita Bosi kwa sababu nyumba ni yake, mimi nina redio tu. Ofisi ya bima: anakaa kitini tangu asubuhi akipokea simu za watu wenye hasira. Wamempima. Presha! Miaka ishirini na saba! Kumbe kizunguzungu alikuwa nacho tangu mwezi uliopita, akanyamaza. Nikamwambia, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Nikajiona msomi.

Daktari kampa wiki mbili. Apunguze chumvi, mafuta, soda. Isiposhuka, vidonge kila siku, na huenda visiishe. Bosi kaniambia hayo akiwa kakaa kwenye ngazi, viatu mkononi. Hakulia. Afadhali angelia.

Mama yake, binti yangu, aliondoka na hiyo hiyo presha. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Bosi kabandika karatasi kwenye friji. Chumvi: kijiko kimoja cha chai, siku nzima, nyumba nzima! Mimi niliyepikia shule ya bweni miaka thelathini, watoto mia nne, kipimo changu kiganja! (Darasani niliishia la nne, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kubakiza sahani yangu.)

Nikamwambia, mke wangu, hii sasa ni talaka. Akasema talaka yenyewe hiyo hapo, babu, isome. Nikasema miwani imepotea. Ilikuwa kichwani.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya nne. Anabeba chakula kwenye kopo, wenzake wanaagiza chipsi, harufu inampita puani. Wanamwita sungura. Jioni kala vijiko viwili vya maharage, kasinzia mezani na kijiko mkononi. Mtoto kasinyaa kama embe la juzi.

Nikayaonja hayo maharage. Maji ya kuoshea vyombo! Aibu ya mpishi. Nikatia chumvi. Kiganja — hapana, nusu kiganja. Mungu kaona, Bosi alikuwa kalala. Nilipomwamsha alikula yote. Kisha glasi tatu za maji.

Jumapili, 9 Machi
Nusu kiganja tena. Na jana pia. Sahani inarudi tupu! Anasema mwili unaanza kuzoea. Nikasema naona. Uongo nao unachosha kama kupanda ngazi.

Jumatano, 12 Machi
Leo sina hamu ya utani.

Fundi cherehani wa mlango wa pili alipita mchana, nikampakulia maharage. Kijiko cha kwanza tu, kakitema kwenye leso. Mzee, umemwaga mkebe mzima? Nikamwambia wewe zoea pini zako, chakula tuachie wenyewe. Nikaonja mbele yake. Hayana kitu! Akadhani namtania. Nikachovya kidole kwenye chumvi yenyewe, nikalamba.

Kama kulamba chaki.

Nikalamba tena. Fundi akaacha kucheka. Akafunga leso yake polepole, akasema ana nguo ya mtu, akaenda.

Jioni nikamuuliza Bosi: chakula changu kina chumvi kali tangu lini? Akatazama vidole vya miguu. Kama miaka mitatu hivi, babu. Ndiyo maana ya zile soda, za kushushia. Mbona hukusema? Akasema, ulikuwa unasimama pale mlangoni na mwiko wako, unanitazama nikila. Ningesemaje?

Miaka mitatu! Ulimi umestaafu bila kuniaga. Nami nikamlisha mtoto bahari, naye akameza kwa heshima.

Hapo ndipo ningemwambia na hizi nusu kiganja. Mdomo nikaufungua. Nikauliza kama kuna chai.

Jumamosi, 15 Machi
Sigusi chumvi. Nachanganya, namwita, anaonja yeye. Bado, babu. Sasa basi, babu. Nasimama na mwiko kama askari wa mapambo. Leo kaimba jikoni. Sketi imelegea, kaikaza kwa pini, kanigeukia nione. Nikamsifu. Usingizi haukuja.

Jumatatu, 17 Machi
Kliniki. Nimekaa benchi la nje, kijidaftari gotini. Mlango hawakuufunga vizuri.

Nesi kapima. Kapima mkono wa pili.

Daktari anauliza kama alifuata masharti. Yote, Bosi anasema, hata keki ya ofisini sikugusa. Daktari anasema basi hii ya kwako ni ya kurithi, wala usijilaumu, mama yako alikuwa nayo. Twende kwenye vidonge. Bosi anasema sawa. Sauti ya mtu aliyevua viatu tena.

Ya kurithi! Wakimtaka wa kulaumiwa, nipo hapa, hatua sita.

Nikisema, hatanipa mwiko tena. Pengine hata kunitania hatanitania. Nisiposema, atameza kidonge juu ya uongo wangu kila asubuhi, mbele yangu, kwa heshima ile ile.

Kalamu ya daktari naisikia inakwaruza karatasi. Ngoja kwanza, daktari. Daftari nalifunga — haya, mzee, inuka —