Herufi za Wimbo wa Mum

Jumanne, 6 Mei
Darasa la kompyuta tena baada ya kazi. Leo ni kufanya herufi zipande kutoka chini ya skrini na kutua. Unaweka alama zinapoanzia, unaweka nyingine zinapofikia, programu inajaza safari ya katikati. Zangu zinatua kama viazi vinavyomwagwa kutoka kwa gunia. Chebet, mwalimu wetu, ana umri wa binti yangu na huniita Mathe, yaani mama. "Mathe, zipunguze mwendo zikikaribia. Hakuna kitu husimama ghafla hivyo."

Miaka yote hii napanga kadi za harusi na programu za mazishi kwa duka la uchapishaji hapa Nakuru. Herufi za kukaa tu. Bosi sasa anataka matangazo yanayotembea. Nilianza darasa kwa sababu yake.

Jumamosi, 10 Mei
Subukia, nyumbani kwa Mum. Hasikii kabisa sasa. Namwandikia kwa simu, maandishi makubwa. Mwisho wa mwezi kanisa lina sherehe na akina mama wanataka wimbo wake, ule alioutunga wakati wa kujenga kanisa lenyewe. Amekataa. Mara ya mwisho alianza kuimba kabla ya kwaya na vijana wakacheka. Hajarudi kwaya tangu hapo.

Nilikuwa mdogo wakijenga. Wanawake wanapandisha mawe kutoka mtoni, mgongoni, Mum mbele. Anaimba, wanaitikia. Mimi juu kwenye nyasi na mbuzi. Nilijua amefika wapi bila kumwona. Sauti ilifika kabla yake.

"Tunabeba mawe, tunabeba maji, kesho tutakaa."

Nina hamu na sauti hiyo. Hamu kubwa.

Nimewaza kitu. Kama herufi zinaweza kutembea, zinaweza kumwonyesha wakati wa kuimba. Auntie Wangari, mwenzake wa kwaya, ameniimbia wimbo wote nikamrekodi.

Jumatano, 14 Mei
Beti mbili tayari. Mgongo unauma. Laptopu ilijizima, nikarudia ubeti wa pili wote.

Kimani alipiga simu. Kaka yangu huyu huwa hapigi bila sababu. Amesikia kutoka kwa Auntie. "Unataka wamcheke mara ya pili? Mwache Mum apumzike." Nikamwambia Mum si mgonjwa. Akasema mimi ndiye ninayetaka wimbo, si yeye. Nilikata simu.

Nimekasirika. Naogopa amesema kweli.

Jumamosi, 17 Mei
Nilimwonyesha Mum jikoni. Alivaa miwani. Uso haukubadilika hata kidogo. Ilipoisha alipaza sauti, siku hizi hajui anaongea kwa nguvu: "Hii inakimbia! Tungeimba hivi tungekufa na mawe mgongoni!"

Nilitaka kufunga laptopu. Akashika mkono wangu. Akaweka kidole kwa skrini. "Hapa tunavuta pumzi. Tunangoja yule wa nyuma afike. Akifika, ndio tunaenda."

Sikujua. Kumbe Auntie aliuimba kama mtu aliyeketi, na mimi nikamfuata.

Akaanza kupiga mapigo kwa goti langu, polepole, wimbo wote, midomo ikienda bila sauti. Nikachukua video ya mkono wake. Sikumuuliza kama ataimba. Yeye ndiye aliuliza skrini ya kanisa ni kubwa kiasi gani.

Alhamisi, 22 Mei
Nimefuta karibu kila kitu. Kila neno sasa linafuata mkono wake. "Mawe" linapanda zito, linasimama kidogo, linapanda tena. Pale pa kuvuta pumzi sikujua niweke nini. Nilijaribu nukta, nikajaribu mstari. Chebet alitazama ile video ya mkono mara mbili. Halafu akasema, "Usiweke kitu. Wacha skrini ikae tupu."

Niliacha tupu. Nikaitazama, nikalia darasani mbele ya watoto wa watu. Aibu kidogo.

Jumapili, 25 Mei
Kanisa limejaa. Kimani alikaa nyuma karibu na mlango, mikono amekunja. Mimi kwa laptopu, kidole juu ya kitufe. Wale wanawake wa mawe wamebaki wachache. Walisimama. Mum mbele, akitazama skrini ukutani.

Herufi zikapanda. Akaanza pale pale. Sauti imezeeka, imepasuka katikati, lakini ni yake. Wakaitikia. Skrini ikawa tupu, wakavuta pumzi wote pamoja, na nikasikia ile pumzi.

Ubeti wa pili akafumba macho. Nilishtuka. Nilitaka kumpungia mkono, angeona nini? Akapunguza mwendo zaidi, na wanawake wakaacha ukuta, wakamfuata yeye. Herufi zangu zikaenda mbele peke yao. Zikamaliza. Ukuta ukabaki mweusi na wao bado wanaimba. Hakuna aliyecheka. Watu walisimama mmoja mmoja. Kimani pia alisimama, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

Kazi ya wiki mbili, akaiacha katikati. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumatatu, 26 Mei
Niliomba ruhusa kazini, nimebaki Subukia. Mvua tangu asubuhi. Tumechambua maharagwe mlangoni, yeye kwa kiti, mimi kwa mkeka. Alisinzia bakuli likiwa mapajani. Nililitoa polepole, nikamfunika leso yake ya kujitanda. Nikaendelea na yaliyobaki.