Namba Niliyokaa Nayo Siku Nne

Jumatatu, 2 Septemba

Baba Atupele,

Nimechimba udongo ndoo tatu. Tumemgeuza mama yako, nikampaka mafuta mgongoni. Kidonda leo hakinuki.

Atupele kaenda tena Ipinda, kwenye duka la steshenari, kuulizia chuo. Vyuo viwili vimemchukua. Anataka cha Dodoma, ualimu wa sayansi. Ili akubaliwe lazima athibitishe kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Alipojaza fomu hakuwa na simu, akaandika namba yangu. Mwisho ni Jumamosi hii.

Unajua simu zetu huku ufukweni zinavyonasa mtandao wa Malawi. Wa kwetu unapatikana kule juu tunakochimba udongo. Saa nne, nikiwa huko, ikalia. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikasoma. Ndiyo namba yenyewe. Nimeisoma mara tatu, nikazima simu.

Aliporudi akauliza kama kuna ujumbe. Nikasema Malawi wametushika tena.

Jumanne, 3 Septemba

Sijamwambia. Sijui kwa nini.

Hapana, najua. Tangu tukuzike, miaka miwili sasa, yeye ndiye anayeshika miguu ya mama yako nami nashika mabega. Peke yangu siwezi kumnyanyua. Na akienda, nani atanisikia nikikohoa?

Jumatano, 4 Septemba

Mama Lugano wa jirani alikuja tung'arishe vyungu pamoja. Akanitania kwamba mtoto akienda nitaviwekea vyungu masikio ili nipate wa kunisikiliza. Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Atupele aliomba simu. Nikasema chaji imeisha. Akasema ataipeleka dukani ikachajiwe. Nikasema nitaipeleka mwenyewe. Iko ndani ya gunia la majani makavu. Mtu mzima mimi, naficha simu kwenye majani.

Nimekumbuka alipokuwa na miaka minne. Alikaa katikati ya miguu yako akafinyanga chungu kidogo kama yai. Hakikuchomwa, ukanywea maji hivyo hivyo, ukameza matope, ukasema matamu.

Nilipomaliza darasa la saba nilichaguliwa sekondari. Baba yangu akasema nisubiri mwaka ujao, mama yangu anaumwa. Sikumchukia. Lakini huo mwaka ujao sijauona hadi leo.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeharibu kazi. Nilivichoma vyungu kabla havijakauka. Kitu ambacho hata msichana anayejifunza hafanyi. Udongo wa ndani ulikuwa bado mbichi, moto ulipokolea vikaanza kulipuka kimoja kimoja. Tisa kati ya kumi na vinne.

Mama yako alivisikia kutoka ndani. Akaniita. Akaniuliza nina haraka ya nini. Nikasema sina. Akasema ameishi na wafinyanzi maisha yake yote, vyungu tisa havipasuki kwa mtu aliyetulia.

Nikamwambia yote. Sikutegemea. Nikamwambia namzuia mtoto kwa ajili yake, kwamba peke yangu nitamwangusha.

Kisha akasema:

"Mkamwana, usinisingizie mimi. Kama wewe ndiye unayetaka abaki, mwambie kwa mdomo wako. Akubali au akukatalie."

Nimekaa nje na vigae vyangu. Nina hasira naye. Amesema kweli.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimempa Atupele simu asubuhi, kabla ya uji. Nilikuwa nimeshapanda juu kuiwasha. Kulikuwa na jumbe mbili. Alikuwa ameomba namba nyingine Jumatano, kule dukani.

Alisoma. Akaangalia tarehe.

"Mama, umekaa nayo tangu Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alivaa viatu, akasimamisha bodaboda, akaenda Ipinda. Nikabaki na mama yako. Tulingoja. Sikufinyanga. Niliomba afanikiwe, halafu nikajikuta naomba mtandao wa kule dukani ukatike. Nimeomba yote mawili kwa Mungu yule yule, kwa pumzi ile ile. Sijui amesikia lipi.

Alirudi saa nane. Amethibitisha. Dodoma. Alikwenda moja kwa moja kumgeuza bibi yake. Alinyanyua peke yake, hakuniita.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani wamemtangaza kwamba amepata chuo. Watu wamenishika mkono, ndaga, ndaga, asante mama, umelea. Niliitikia. Nilitamani benchi linimeze.

Atupele hanisemeshi ila la lazima.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sijaandika siku nyingi. Leo Atupele amemwita Mama Lugano, akamfundisha jinsi ya kushika miguu ya bibi, wapi pa kuweka mto, upande upi wa kuanzia. Wamefanya mara tano. Mama yako akalalamika kwamba wanamgeuza kama chapati. Tukacheka sote, na Atupele akanitazama akiwa bado anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 26 Oktoba

Amepanda basi Kyela alfajiri. Nilimsindikiza. Kabla hajapanda nilimwomba msamaha. Akasema, "Nilikuwa nangoja useme unataka nibaki, tangu baba afe. Ningeweza kukataa vizuri." Akanikumbatia. Akapanda.

Sijui kama hilo ni kusamehewa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mama Lugano alikuja saa moja. Tumemgeuza mama yako vizuri. Mvua bado. Nimefinyanga vyungu vinne, nimeviweka kivulini vikauke taratibu.

Nyumba ni ile ile. Mlango uko wazi mchana kutwa na mimi sina pa kwenda.

Kwenye karatasi zote za chuo ameandika majina matatu: lake, lako, la baba yako. Ndivyo inavyoandikwa. Sina kinyongo. Ila ukimtembelea ndotoni, Baba Atupele, na mimi unitaje. Asinisahau.