Dawa za Kibet

Alhamisi jioni

Kwanza nilimdanganya nesi. Alikuwa amekuja jela kupima mahabusu, akaniuliza kuhusu Kibet, yule hukataa kuchuchumaa tukihesabu watu. "Afande, huyu ni mgonjwa wa akili. Hakuna mtu ameleta dawa zake?"

Nikasema sijui.

Nilijua. Wiki tatu zilizopita mama yake alitoka kwao Litein na mvua, akanipa dawa kwa geti zikiwa zimefungwa kwa leso. "Afande, asipomeza hizi anasikia watu wakimwita." Nilimrudishia. "Mama, hapa si duka la dawa. Kijana yako ako na kiburi tu, tutamnyoosha." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Tukamnyoosha. Mimi mwenyewe nilimpiga rungu kwa magoti ndio achuchumae, na yeye anaongea tu na ukuta, anauomba uniambie niache.

Chakula cha mchana kilinishinda. Nikamrudia nesi akifunga begi, nikamwambia yote, hata ya rungu. Naweza kufutwa. Wacha iwe. Nilidhani atanifokea, lakini aliandika tu, kisha akauliza, "Uko na namba ya mama?"

Niliitoa kwa kitabu cha wageni, nikapiga mwenyewe. Aliposikia ni jela aliuliza kama kijana yake amekufa.

"Hapana, mama. Ni mimi, yule afande wa geti. Leta dawa kesho. Nitakungoja kwa geti."

"Zile zile?" akauliza. "Ziko. Sijafungua leso tangu unirudishie."