Fungu la Shee

Jumatatu, 4 Machi 1957
Simsim ya Kililana imefika, ina mchanga kama kawaida. Nimepepeta, nimepima, nimemnung'unikia Shee. Shemeji yangu huyo, mume wa dada yangu, na mshirika wangu. Yeye hununua bara, mimi nauza dukani hapa Mkomani. Faida nusu kwa nusu, tulipatana kwa mdomo. Nani humwandikisha shemeji yake karatasi?

Barua imekuja. Afisa wa kodi atafika Alhamisi. Anatutaka sote wawili.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu tupu. Afisa aliuliza fungu la kila mmoja. Shee kakaa pembeni yangu, ningesemaje? Nikasema mkubwa ni yeye, mimi nachukua thuluthi tu. Adabu, kama kumtanguliza mtu mlangoni. Shee naye, "Mwenye duka ni huyu, Bwana. Thuluthi ni yangu mimi." Afisa akaweka kalamu. Thuluthi ya tatu akauliza ni ya nani.

Anadhani tunaficha. Tumpelekee daftari Jumatano.

Ijumaa, 8 Machi
Baada ya sala nimefungua daftari. Sikuwa na haja, nimeliandika mwenyewe. Kwetu binti huolewa ndani ya nyumba aliyopewa na babake, na tangu nianze kumjengea binti yangu Zena ghorofa ya juu, nimekuwa nikichota fungu la Shee. Yeye halichukui, huliacha dukani. Sikumwuliza. Niliazimia kurudisha.

Naogopa.

Jumatano, 13 Machi
Afisa kaamua. Hakuna waraka, basi nusu kwa nusu. Duka lenyewe halitozwi. Kila mshirika anatozwa yeye, kwa fungu lake, alichukue asilichukue.

Kwa hiyo Shee atalipia kodi pesa ambazo ziko kwenye kuta za Zena. Niliichukia sheria hiyo njia nzima. Kufika dukani nikaona haina kosa. Imesema fungu ni la Shee. Mimi ndiye niliyejifanya silijui.

Nikamwambia yote. Akasema, "Ungeniuliza tu. Ningekupa."

Akaondoka, kahawa yake ameiacha. Miaka tisa hajapata kuiacha.

Alhamisi, 14 Machi
Shee hakuja. Dada yangu amepita, hakunisalimu.

Jumamosi, 16 Machi
Kodi ya Shee nimeilipa mimi, kwa pesa za milango ya Zena. Harusi imesogezwa mpaka ipite Ramadhani, na Mfungo Mosi unaoifuata. Zena kalia, mamake kanuna. Wana haki.

Shee alikuja alasiri. Nilikuwa nimeandika waraka: nusu kwa nusu, na chini yake nilichochota, kuwa deni langu. Akachukua kalamu atie sahihi bila kuusoma. Nikamzuia mkono. Nikamsomea, mstari kwa mstari, na ule wa deni nikausoma mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatia sahihi.

Kisha akauliza kama kuna kahawa.